Asiache ugali bila kipimo

Mahindi, ndizi na mihogo ni bidhaa za kila siku mipakani Busia na Malaba. Mfanyabiashara anayeamua kuviacha mezani ili apunguze uzito au sukari anapaswa kujua kwanza mwili wake utafanya nini.

Wanga ukikosekana, akiba ya sukari kwenye ini huisha kwa siku moja au mbili. Ini huanza kugeuza mafuta kuwa ketoni, na hali hiyo huitwa ketosisi. Siku za mwanzo maji na chumvi nyingi hutoka kwa mkojo, ndiyo maana kichwa huuma na miguu huisha nguvu. Kwa anayeshinda juani na mizigo, hilo si dogo. Mwili huzoea baada ya wiki kadhaa.

Kuna njia mbili za kufuatilia. Karatasi za kupima mkojo ni rahisi kutumia, lakini mwili ukishazoea zaweza kuonyesha ketoni chache ilhali damuni zimo. Mashine ya tone la damu huaminika zaidi: kwa mtu asiye na kisukari, milimoli 0.5 hadi 3.0 kwa lita ndiyo ketosisi ya kawaida ya chakula.

Mwenye kisukari ana hatari nyingine. Insulini ikipungua mno, ketoni hupanda hadi damu ikajaa asidi. Kiu kali, kutapika, kuhema kwa nguvu na pumzi yenye harufu ya matunda ni dalili za kukimbilia hospitali, si za kusubiri lori lipakuliwe. Anayetumia insulini au vidonge vya sukari asibadili chakula kabla ya kumwona daktari, kwani sukari pia yaweza kushuka ghafla.

Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa Februari 2018 ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Vyama vya wafanyabiashara vya pande zote mbili sasa vidai hapo meza ya kupima sukari na ketoni, pamoja na kadi moja ambayo muuguzi wa Uganda na wa Kenya wataisoma sawasawa. Mzigo hupimwa kila siku. Anayeusafirisha naye apimwe.