Deni la Wapagazi Halifutwi kwa Kukosa Hati

Kuna jibu moja ambalo jamaa za askari na wapagazi wa jeshi la mkoloni wamelizoea mno kila wanapodai haki zao: leteni hati. Jibu hilo lina sura ya sheria, lakini ndani yake hamna haki. Aliyepaswa kuandika ndiye aliyekataa kuandika. Leo yeye huyo anamtaka aliyedhulumiwa aoneshe maandishi.

Wananchi wa pwani ya Mtwara hawakuisoma vita hiyo vitabuni. Mwezi wa Aprili 1916 Wareno waliiteka Kionga, kusini ya mlango wa Mto Ruvuma. Septemba ya mwaka huo huo Waingereza waliteremka Mikindani na Lindi. Tarehe 25 Novemba 1917 Jenerali von Lettow-Vorbeck aliuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Majeshi yote hayo yalitembea juu ya vichwa vya watu. Njia za magari hazikuwapo, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Basi risasi, unga na majeruhi vilibebwa na binadamu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja. Zaidi ya 95,000 walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, homa na njaa. Kilichosalia katika kumbukumbu ya mjini ni jina la Kariakoo, na wengi wanaonunua mchicha pale hawajui kwamba jina hilo latokana na kikosi cha wapagazi.

Je, hati zao ziko wapi? Jibu lilitoka Uingereza kwenyewe. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa nchi hiyo aliomba radhi Bungeni. Radhi ni neno jema. Lakini mtu aliyekiri kwamba hakuandika majina ya wafu hana uso wa kuwadai wajukuu wao karatasi.

Katika Vita Kuu ya Pili mambo hayakuwa tofauti. Watanganyika wapatao 87,000 walichukuliwa jeshini, na vikosi vya Afrika Mashariki vikapigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Mwaka 2019 nyaraka zilidhihirisha kwamba malipo ya kuagwa jeshini yalipangwa kwa rangi: Mzungu alipata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Risasi ya Burma haikuuliza rangi. Mweka hazina aliuliza. Mwaka 2018 Uingereza ilitangaza pauni milioni 12 za kuwasaidia wapiganaji wa zamani wa Jumuiya ya Madola waliokuwa wakiishi katika umaskini. Huo ni msaada, si malipo ya uzeeni. Msaada hutoka katika huruma ya mtoaji. Pensheni hutoka katika haki ya mpokeaji. Mwenye deni hawezi kulipa kwa sadaka kisha akataka ashukuriwe.

Watetezi wa Uingereza husema wahusika wamekwisha kufa. Ni kweli kwamba wapagazi wa 1917 hawapo tena. Lakini kifo cha mdai hakimpi mdaiwa mali. Pale mrithi anapojulikana, alipwe mrithi. Pale asipojulikana, kilipwe kijiji, kwa zahanati, kisima au shule yenye majina ya waliochukuliwa.

Wala ushahidi haupatikani katika karatasi tu. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa wangali hai. Inasimuliwa kwamba huko Mwanza wazee wengi walifika bila hati. Kila mmoja akapewa ufagio badala ya bunduki na kuamriwa kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji ilitunga mwaka 2011 sheria ya hadhi ya mpiganaji, inayotambua haki za waliopigania uhuru. Penye nia, njia huonekana.

Hapo ndipo wajibu wa watumishi wa umma na walimu unapoanza. Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, wamezikwa kwa heshima askari wa JWTZ waliofia Msumbiji. Taifa linalojua kuwaheshimu mashujaa hao halishindwi kuwatafuta waliochukuliwa kwa nguvu kabla yao. Mwalimu wa historia na awatume wanafunzi wake kwa wazee, waandike majina, vijiji na njia zilizopitwa. Karani wa wilaya na ayapokee maandishi hayo na kuyahifadhi, wala asimrudishe mjane mlangoni kwa maneno yale yale ya mkoloni. Orodha hiyo ikikamilika, Serikali iipeleke London. Hapo mwenye deni atakosa kisingizio chake cha mwisho.