Usingoje Nyonga ya Bandia Ianze Kuuma

Wapo wenzetu waliowekewa nyonga ya bandia baada ya nyonga zao kuvunjika au kuharibiwa na ugonjwa. Zamani walishindwa hata kwenda kisimani. Leo wanatembea bila maumivu. Kwa sababu hiyo wengine huacha kurudi hospitali. Husema, "Nimepona, narudi kufanya nini?" Fikra hiyo ni ya hatari.

Nyonga ya bandia ina sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni kichwa cha mviringo, mara nyingi cha chuma, kilichoshikizwa ndani ya mfupa wa paja. Ya pili ni kikombe, mara nyingi cha plastiki ngumu ndani yake, kilichowekwa kwenye fupanyonga. Kila unapopiga hatua, kichwa huzunguka ndani ya kikombe.

Vitu vinavyosuguana husagika. Bushi ya gari huchakaa, na kikombe hiki pia huchakaa. Unga wake ni laini mno, hauonekani kwa macho. Chembe zinazolinda mwili huumeza unga huo, lakini haziwezi kuuyeyusha. Ndipo huziamsha chembe nyingine zinazokula mfupa. Mfupa hupungua kidogo kidogo, mwisho kifaa hulegea au mfupa wenyewe huvunjika.

Daktari John Charnley wa Uingereza aliliona jambo hili. Kuanzia mwaka 1958 aliwawekea wagonjwa wapatao 300 vikombe vya plastiki iitwayo tefloni. Mwanzoni walitembea vizuri. Baada ya miaka michache vikombe vilisagika, na wengi ikabidi wapasuliwe tena. Mwaka 1962 alianza kutumia plastiki nyingine iliyodumu zaidi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 plastiki hiyo imeimarishwa, na kusagika kumepungua sana. Hata hivyo hakujakwisha.

Jambo la kukumbuka ni hili: mfupa unaweza kuliwa kwa miaka mingi bila kuuma. Eksirei huonyesha upungufu huo kabla mwenyewe hajausikia.

Wapo watakaosema nauli ya kwenda hospitali ni kubwa. Ni kweli. Lakini operesheni ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, kwa kuwa mfupa wa kushikiza kifaa kipya umepungua. Gharama yake haifanani na nauli. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hospitali nazo zina wajibu. Kila mgonjwa apewe kadi yenye tarehe ya operesheni, aina ya kifaa na siku ya kurudi, na aelezwe kwa lugha anayoielewa.

Nawe uliyewekewa nyonga, itunze kadi hiyo. Rudi siku uliyopangiwa, hata kama huumwi. Ukisikia maumivu kwenye kinena au paja, au ukianza kuchechemea, usingoje siku hiyo. Nenda mara moja.