Tumeipa mashine sauti ya mama bila kumwuliza

Mwaka jana nilirekodi dakika 80 za mazungumzo na mama mmoja muuza unga katika komine ya Katuba, hapa Lubumbashi. Alinieleza namna familia yake ilivyohamahama, akataja majirani kwa majina, akafika hata kwenye kesi ya kiwanja ambayo haijaisha. Nilimwahidi kwamba sauti yake ni kwa kazi yangu ya chuo tu.

Kuandika dakika 80 kwa mkono ni kazi ya siku nyingi, hasa umeme ukikatika kila jioni. Rafiki akanionyesha programu ya bure ya akili bandia: unatia sauti, baada ya muda mfupi unapata maandishi. Nikatia. Maandishi yalitoka safi mno. Mama alisema "batoto beko nacheza", mashine ikaandika "watoto wanacheza". Kila "ba-" ikawa "wa-", kila "njo" ikawa "ndiyo". Na kazi yangu ilikuwa juu ya vitu hivyo hivyo! Kama si mimi niliyekaa mbele yake siku ile, ningeandika katika sura ya tatu kwamba wasemaji wa Katuba wanafuata Kiswahili sanifu, tena ningeweka na asilimia.

Mashine haina ubaya moyoni. Inakisia neno kufuatana na yale iliyofundishwa, na maandishi mengi ya Kiswahili kwenye intaneti yametoka Tanzania na Kenya. Kwake sentensi ya Katuba ni kosa la kusahihishwa. Wazee wetu nao walisahihishwa hivyo shuleni, lakini wao angalau walimwona mwalimu akishika kalamu nyekundu.

Hapa fakulteni mjadala umebaki kwenye udanganyifu: nani ameandikiwa kazi na ChatGPT, nani ametaja vitabu visivyokuwepo. Udanganyifu upo, na si wetu peke yetu. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipeleka mahakamani hukumu sita zilizobuniwa na mashine hiyo, wakatozwa pamoja na ofisi yao faini ya dola 5,000. Kitabu kisichokuwepo, hata hivyo, kinatafutwa maktabani, kinakosekana, basi. Sauti iliyokwisha kutoka mkononi mwangu nitaitafuta wapi? Masharti ya programu ile niliyakubali bila kuyasoma. Sijui nani ameihifadhi, wala kama kesi ya kiwanja imo katika chakula cha mashine nyingine.

Tena tusijifanye tumeanza uzembe na akili bandia. Ni sisi tunaopitisha flashi moja kutoka siberi hadi kwenye kompyuta ya asistanti, tunakuta folda zimegeuka njia za mkato, tunacheka, tunaendelea. Windows zetu nyingi ni za kunakiliwa, masasisho yamezimwa. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili katika nchi nyingi, hata hospitali za Uingereza zikakwama, kupitia tundu ambalo Microsoft walikuwa wametoa kiraka chake tangu Machi.

Mwalimu mmoja aliniambia mambo hayo ni ya watu wa informatiki. Kwa heshima zote, sikubali. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia katika kompyuta yake kwa mbali kunachelewa karibu nusu sekunde kuliko kawaida. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya XZ Utils, programu ndogo iliyomo katika mifumo mingi ya Linux. Aliyeutia alijiita Jia Tan, na alikuwa amejenga uaminifu kwa miaka kama miwili akisaidia kazi ile. Nusu sekunde! Mwanafunzi wa fonetiki anayesikia irabu imerefuka kidogo anatumia umakini wa namna hiyo hiyo. Sisi wa lugha tumefundishwa kushuku maandishi: nani ameyanakili, lini, amebadili nini. Kwa nini tunaacha kushuku tukifika mbele ya kioo?

Wengine wanataka marufuku. Marufuku itamuumiza anayeitumia kuelewa makala ya Kiingereza, na mdanganyifu ataendelea usiku. Mimi naomba mambo madogo zaidi. Jopo la utetezi lituulize msemaji aliruhusu nini, na rekodi yake imepita wapi. Mwanafunzi aseme mashine imefanya sehemu gani. Fakulte itenge kompyuta moja yenye programu ya kuandika sauti inayofanya kazi bila intaneti. Zipo, tena za bure. Itakosea "ba-" vilevile, lakini itakosea ndani ya chumba chetu, na sisi tutasahihisha tukisikiliza.

Dakika zangu 80 nimezianza upya kwa mkono. Nimefika ya 31. Jumamosi nakwenda Katuba kumwambia mama nilichofanya na sauti yake, na akitaka niifute, nitaanza na mtu mwingine.