Mashine Ichonge, Mchezaji Apime

Mchezo wa bao si wa kupitishia wakati tu. Kwa watu wa Visiwani ni roho ya baraza, na ni shule ya hesabu na subira. Ndiyo sababu tunaona yafaa leo kuzungumza juu ya chombo chenyewe, na juu ya mafundi wa Moshi wanaoweza kukitengeneza.

Tangu zamani bao lilichongwa kwa tezo na patasi. Siku hizi zipo karakana zenye mashine ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Fundi huchora mashimo katika kompyuta, hufunga ubao mezani, na kisu kinachozunguka hufuata mchoro huo. Ubao wenye ufa hujazwa epoksi, gundi ya maji ya aina mbili yanayochanganywa kwa kipimo hata yakagandamana na kuwa magumu.

Wako wasemao kwamba mashine hii ni adui wa mchongaji. Hatukubaliani nao. Wahenga walinena: chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Lakini ni dhahiri kwamba nyenzo haijui safari. Anayeijua ni nahodha.

Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Kila upande una nyumba, ambayo aghalabu huwa shimo la mraba. Kila mchezaji huanza na kete 6 katika nyumba, kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili ya jirani, na 22 za kunamua. Mchezo ukikolea, nyumba hujaa. Asiyecheza atachora nyumba yenye kina kifupi, kete zimwagike. Ataacha kingo kali, vidole viumie. Atamimina epoksi hadi ndani ya mashimo, kete ziteleze. Bao la namna hiyo litatundikwa ukutani. Barazani halitaingia.

Kwa nini Moshi? Kwa sababu huko kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, na kuna ofisi ya SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo. Wilaya jirani ya Hai ilipata kiwanda cha mashine cha KMTC katika miaka ya 1980. Kudorora kwake baadaye ni funzo kwamba kupata mashine ni jambo moja, na kuidumisha ni jambo jingine.

Mbao nazo zipo, lakini tusizitafute pasipostahili. Msitu wa asili wa Kilimanjaro umo ndani ya Hifadhi ya Taifa tangu mipaka yake ilipopanuliwa mwaka 2005. Mikulo yake si mali ya karakana zetu. Yapo mashamba ya miti ya West Kilimanjaro na Rongai, na ipo migrevilea iliyopandwa vihambani. Hapo ndipo epoksi inapofaa: ubao wenye ufa, ambao ungeishia jikoni kuwa kuni, hupata uhai mpya.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wanaohusika, Bara na Visiwani, mambo matatu. Kwanza, wawakutanishe mabingwa wa bao na mafundi, wakubaliane vipimo vya mashimo kabla mashine haijawashwa. Pili, vijana wafundishwe kukausha mbao barabara, kwani ubao mbichi hupinda na gundi hubanduka. Tatu, afya ya mfanyakazi ilindwe kwa barakoa na glavu, maana vumbi la mbao hudhuru mapafu, na epoksi mbichi hudhuru ngozi.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji watu kuketi pamoja, na kwa kuketi pamoja bao lenyewe ni mwalimu wetu. Mashine na ichonge. Lakini mwenye kuijua nyumba ndiye aamue kina chake.