Mabega na Jerikani

Wanafunzi wenzangu, vijana wengi hapa Rwekubo na Nakivale wanatamani mabega mapana, nao hulalamika kwamba vyuma vya kunyanyua viko mbali, Mbarara. Mimi naona jerikani yatosha. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo mzigo twaweza kuupima wenyewe. Tia lita 5, uinyanyue kwa mikono miwili juu ya kichwa, taratibu, mara 10. Ukiweza bila kuyumba, ongeza lita 1. Anayerukia lita 20 siku ya kwanza ajitafutia maumivu.

Tena bega lina sehemu tatu: mbele, ubavuni na nyuma. Kusukuma juu peke yake hakutoshi. Yafaa pia kuinama, mgongo umenyooka, na kuvuta mzigo kuelekea kifuani. Kisha pumzika siku moja au mbili, ule maharage na maziwa, maana msuli hukua wakati wa kupumzika.

Lakini twajivunia mabega, na huku dada zetu ndio wanaopanga foleni bombani. Nguvu zetu ni za kazi gani basi? Baada ya mazoezi, tuijaze jerikani ile ile na kuifikisha jikoni kwa mama.