Tumepita Gitega, Hatujafika

Katika darasa letu wapo wanaosema wamezuru Gitega, wamezuru Rutovu, wamezuru Rutana, na picha wanazo. Nami nilikuwa mmoja wao. Sasa neno hilo, kuzuru, nalipinga kwa namna tunavyolitumia sisi wanafunzi wa Bujumbura. Walimu wetu nao wasijifiche nyuma yetu, maana ratiba za safari hizo hupita mikononi mwao kabla hazijatufikia.

Safari yenyewe mnaijua. Basi huondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kabla halijaondoka hujazwa mikate, sambusa, mayai ya kuchemsha, maji na soda, vyote vimenunuliwa hapa hapa Bujumbura. Tunapanda milima, baridi ya Ijenda inatupiga, nusu ya abiria wamelala. Rutovu tunateremka kwenye ile piramidi ndogo ya mawe iliyo juu ya chemchemi ya Kasumo. Tunaelezwa kwamba Mjerumani Burkhart Waldecker alifika pale katika miaka ya 1930 na kutangaza kwamba hicho ndicho chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote. Picha. Dakika arobaini zimekwisha, twende Gishora kwenye ngoma. UNESCO iliziingiza ngoma za kifalme katika orodha ya urithi wake mwaka 2014, kwa hiyo hatuwezi kuzikosa. Wapigaji wanapiga, sisi tunapiga picha tena.

Halafu tunakula. Hapo ndipo moyo wangu uliponisuta, ingawa baadaye sana. Basi liliegeshwa karibu na soko la Gitega, na sisi tukala mkate wa Bujumbura ndani ya basi, madirisha tumeyafunga ili watoto wasituombe. Hatua chache kutoka pale akina mama walikuwa wakiuza ndizi, parachichi na maharage ya moto. Hakuna aliyeshuka ila waliotafuta choo. Saa moja usiku tulikuwa tumesharudi. Mama aliponiuliza watu wa Gitega wanakula nini siku hizi, sikuwa na jibu. Nilikuwa na picha sitini na tatu.

Nitaambiwa: sasa ulitaka tuone nini zaidi? Hiyo ndiyo hoja ninayoichukia kuliko zote, kwamba "kule hakuna cha kuona". Tumejifunza kuuona mji kama ukuta wenye bango. Pasipo na mnara, maporomoko au ngoma, tunasema hapana kitu. Maji ya Kasumo tuliyoyapiga picha huingia Ruvyironza, na Ruvyironza huingia Ruvubu, mto ambao jina lake linatokana na imvubu, yaani kiboko. Ruvubu wenyewe huanzia upande wa Kayanza, hukata katikati ya nchi, hupita katika hifadhi yenye kilomita za mraba zaidi ya 500, kisha hushika mpaka wa Tanzania na kwenda kukutana na Kagera karibu na Rusumo. Kandokando ya bonde hilo ipo miji: Gitega, Karuzi, Muyinga, Cankuzo, Ruyigi. Mwaka 2025, mikoa ilipopunguzwa kutoka 18 hadi 5, mitatu kati ya hiyo ilitiwa katika mkoa mmoja wa Buhumuza. Tuliijadili habari hiyo darasani kwa saa nzima. Nikauliza nani amewahi kulala hata usiku mmoja Cankuzo. Mkono haukuinuka hata mmoja, na wangu ukiwemo.

Basi likizo iliyopita mimi na mwenzangu tulikwenda Muyinga. Hatukwenda na klabu wala na idara. Tulipanda gari kama abiria wengine, tukasubiri kwa muda mrefu kwa sababu ya mafuta, tukafika usiku. Kijana wa nyumba ya wageni alitutazama na mifuko yetu akauliza, "Mtarara hapa?" Mwenzangu alitaka kucheka. Mimi nilishtuka, kwa kuwa mwaka mzima tumefundishwa athari ya Kirundi katika matamshi ya l na r, na huo ulikuwa mfano wa kwanza niliousikia kwa mtu asiyejua kwamba anatoa mfano.

Tulikaa siku tatu. Sitasema tuligundua kitu. Wenyeji hawakuwa wamepotea. Asubuhi tulikunywa chai kwa mama mmoja mwenye kibanda karibu na stendi, na siku ya pili alikuwa anatuita wanangu. Yeye alikulia katika kambi ya wakimbizi upande wa Ngara baada ya vita vya 1993, akarudi mtu mzima. Ukimwamkia kwa shikamoo anajibu marahaba bila kufikiri. Jirani yake, mzee fundi cherehani wa mtaa wa zamani wa Waislamu, anasalimia kwa salamu za dini na Kiswahili chake kina ladha nyingine kabisa. Alituambia wazi kwamba Kiswahili cha kambini si cha babu yake. Na barabarani wanapita madereva wa malori wanaotoka Dar es Salaam kupitia mpaka wa Kobero, nao wana chao, na vijana wa mjini wanakiiga ili wapate kazi ya kupakua mizigo. Viswahili vitatu katika mtaa ambao ukitembea dakika kumi umeumaliza!

Sasa niwaulize walimu wetu kwa heshima: tasnifu ngapi za idara yetu zinahusu lahaja za Zanzibar na Mombasa, mahali ambapo wengi wetu hatujakanyaga, na ngapi zinahusu Muyinga? Wajerumani walipohamishia makao yao Gitega mwaka 1912, Kiswahili kilikwenda nao pamoja na askari na wafanyabiashara. Kimekuwako huko zaidi ya miaka mia moja, sisi tunakitafuta pwani. Kisha tunalalamika kwamba wenzetu wa milimani wakisema "mswahili" humaanisha mjanja asiyeaminika. Watamjuaje Mswahili mwingine, iwapo yule anayekuja kutoka mji mkuu wa biashara hufunga dirisha la basi akala mkate wake?

Yule mzee fundi, kabla hajakubali kuzungumza, alituuliza tumetumwa na nani. Tulimwambia hatujatumwa na mtu. Hakuamini. Wageni anaowajua yeye ni watu wa miradi wenye karatasi za maswali, wanaokaa hadi karatasi zijae. Ilimchukua siku moja na nusu kukubali kwamba tumekuja kutembea tu, na ni baada ya hapo ndipo mazungumzo ya maana yalipoanza. Siku moja na nusu! Safari yetu ya Gitega yote ilikuwa saa kumi na tatu, na karibu nane tulikuwa barabarani.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza ni pesa. Mimi nimefanya hesabu: mchango niliotoa kwa safari ile ya siku moja, ukijumlisha mikate na fulana iliyochapishwa jina la safari, ulitosha nauli ya kwenda Muyinga na kulala usiku mmoja. Nauli ya kurudi niliongeza. Kwa hiyo pesa ni tatizo, lakini fulana nayo ni tatizo. Zaidi ya hayo, pesa za mikate zilibaki Bujumbura. Za Muyinga zilibaki kwa mama wa chai, kwa mwenye nyumba ya wageni, kwa kijana wa pikipiki.

La pili ni usalama, hasa wa wasichana, na hili silidharau. Mwenzetu mmoja alitaka kufuatana nasi, baba yake akakataa, na sitamwita baba huyo mshamba. Ila ruhusa ambayo mimi na mwenzangu hatukuihitaji, idara inaweza kuiomba kwa wazazi kwa barua yenye muhuri, na kuwatafutia wasichana familia au masista wa kuwapokea. Kusema "ni hatari" kisha kuwapakia watu sitini katika basi linalokimbia kurudi usiku kwenye kona za Bugarama, hiyo hatari nayo ihesabiwe.

La tatu ni kwamba miji ile haina hoteli nzuri. Kweli, maji yalikatika, na chumba changu kilikuwa na kunguni. Nimesema nilizuru, sikusema nilipumzika.

Ninachokitaka kwa idara ni kidogo. Darasa lisiende lote mahali pamoja. Ligawanywe kwa vikundi vya watu wanne au watano: hawa Karuzi, hawa Ruyigi, hawa Cankuzo, hawa Muyinga, siku tatu, bila chakula cha kubeba. Kila kikundi kirudi na kurasa chache kuhusu maneno waliyoyasikia sokoni na nani aliyasema. Kurasa hizo zihesabiwe alama, kwa sababu pasipo alama sisi wenyewe tutalala siku zote tatu, tunajijua.

Tangazo la safari ya mwezi ujao limeshabandikwa mlangoni: Rutovu na Gishora, kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, kurudi saa moja jioni, fulana imo katika mchango. Chini yake kuna nafasi ya kuandika majina. Nimeandika "Cankuzo, siku tatu" na nafasi nne tupu. Hadi jana jioni mbili zilikuwa zimejazwa, moja kwa mwandiko wa mwalimu.