Si Mvivu, Usingizi Wake Huchelewa

Akina mama wengi hutujia kliniki wakilalamika: “Sista, binti yangu zamani alilala mapema. Sasa ana miaka 15, saa tano usiku bado yu macho, na asubuhi haamki!” Hata sisi tuliwahi kuwaita wa kwetu wavivu, mpaka tulipoelewa.

Ndani ya ubongo kuna tezi ndogo inayotoa homoni iitwayo melatonini giza linapoingia. Hiyo huuarifu mwili kwamba usiku umefika. Lakini kiasi chake na wakati wa kuanza kutoka hutofautiana, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Mtoto mchanga hukaa miezi mitatu hivi kabla ya kupata mpangilio huo; kwa kijana aliyebalehe huchelewa kutoka; kwa mzee hupungua.

Mama, usimpige wala kumsimanga. Jioni punguzeni taa kali, zimeni televisheni na simu mapema, maana mwanga huichelewesha zaidi. Asubuhi fungua madirisha, apate mwanga wa jua. Vidonge vya usingizi usimpe bila ushauri wa daktari. Mwamshe kwa upole, hajakukaidi.